Karani wa korti: mtu mmoja, kazi mbili, ndimi tatu

UKIINGIA katika mahakama yoyote ya hakimu nchini Kenya, watu watatu utawatambua upesi: hakimu aliyeketi juu, kiongozi wa mashtaka, na mshtakiwa kizimbani. Wa nne huenda usimtazame mara mbili. Ameketi chini ya meza ya hakimu, ana rundo la faili mbele yake, anaita kesi, anawaapisha mashahidi. Akisimama mtu asiyejua Kiingereza wala Kiswahili, huyo huyo anageuka kuwa masikio na kinywa cha mtu yule. Siku hizi cheo chake rasmi ni msaidizi wa mahakama, lakini watu wangali wanamwita kwa jina la zamani: karani wa korti.

Wiki hii nataka tumtazame karani kwa jicho la lugha, na nitafanya hivyo kutokea Turkana, katika miji ya Lodwar na Kakuma. Huko ndiko uzito wa kazi yake unapoonekana. Hoja yangu ni moja tu. Karani aliumbwa awe mwandishi. Ukalimani tulimtwika baadaye, mara nyingi bila kumfunza. Mahali penye lugha moja mzigo huo haumlemei sana. Mahali penye lugha kumi, unaweza kumfunga mtu jela.

Neno lililovuka bahari

Tuanze na jina lenyewe. Wengi hudhani karani ni neno la Kiarabu kwa kuwa linafanana na msamiati mwingine wa ofisini. La. Neno hili lilitufikia kutoka Bara Hindi, ambako karani ni mwandishi wa ofisi, mtunza daftari. Na si ajabu. Katika karne ya 19, ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Zanzibar ulikodishwa kwa miaka mingi kwa kampuni ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa asili ya Kutch. Daftari zilikuwa mikononi mwa Wahindi, na jina la mwenye kushika daftari likabaki vinywani mwa Waswahili hata daftari zilipopita kwenye mikono mingine.

Msamiati wa kuhukumu, kwa upande wake, ulitoka Uarabuni. Mahakama, hakimu, hukumu na hata hekima ni watoto wa mzizi mmoja. Kadhi ni ndugu wa kitenzi kukidhi, yaani kutimiza au kumaliza haja. Shahidi, ushahidi na shahada ni ukoo mmoja. Mkalimani anatukumbusha kalima, yaani neno. Kisha Waingereza walipokuja tukapata korti, rumande na faini. Kwa hiyo sentensi ya kawaida kabisa, kama vile "karani wa korti alisoma hukumu", imebeba Uhindi, Uingereza na Uarabuni kwa pamoja, na sarufi yake ni ya Kibantu. Historia ya sheria yetu imo humo.

Mwandishi wa karne ya 19 aliishi vipi? Mmoja anayejulikana vizuri ni Abdallah bin Hemedi al-Ajemi, aliyetunga Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapishwa mwishoni mwa karne hiyo. Elimu yake ya kusoma na kuandika ndiyo iliyompa riziki. Alimtumikia Semboja, mtawala wa Kikilindi aliyekaa Mazinde, chini ya milima ya Usambara. Baadaye, Wajerumani walipoitwaa pwani, alitumikia utawala wao huko Tanga. Mabwana walibadilika, mwenye kalamu alibaki, kwa sababu kila bwana alimhitaji. Mtu wa namna hiyo huketi karibu na kiti bila kukikalia. Anasikia mashauri yote. Anajua nani alimshtaki nani na shauri likaishaje. Abdallah aliyageuza aliyoyajua kuwa historia ya ufalme mzima. Lakini tuzingatie jambo moja: aliajiriwa kwa kalamu yake. Umahiri uliotakiwa kwake ulikuwa wa kuandika.

Huku Turkana, karne hiyo hiyo, hapakuwa na karani wala hapakuwa na haja naye. Mashauri yalisemwa na wazee chini ya mti wa wanaume. Mlalamikaji, mlalamikiwa na wazee walisikilizana kwa lugha moja, na fidia ilihesabiwa kwa mifugo. Faili ilikuwa vichwani mwa waliohudhuria. Mtu aliweza kushindwa shauri lake, lakini hakuweza kushindwa kwa sababu hakuelewa alichoulizwa.

Jinsi mwandishi alivyogeuka mkalimani

Mambo yalibadilika sheria ilipoanza kusema lugha ambayo mshtakiwa haijui. Agizo la Afrika Mashariki la 1897 liliweka mahakama za namna tatu katika himaya ya Waingereza: za Wazungu, za Kiislamu chini ya maliwali na makadhi, na za wenyeji. Pamoja na agizo hilo ziliingia sheria za Uhindi, ikiwemo Kanuni ya Adhabu ya Uhindi, ambayo ilitumika hadi Kenya ilipopata Kanuni ya Adhabu yake mnamo 1930. Tazama basi mlolongo huo: sheria imeandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya Bara Hindi, inatumiwa na afisa Mwingereza, inamhukumu Mkamba au Mgiriama. Nani atawaunganisha? Yule yule aliyekuwa karibu, aliyejua kusoma na aliyeokota Kiingereza kidogo. Karani.

Turkana ilichelewa kuingia katika mfumo huo. Sehemu kubwa yake ilihesabiwa kuwa ya Uganda hadi 1926, ilipohamishiwa Kenya. Ilitawaliwa kama eneo lililofungwa, ambako mgeni hakuingia bila kibali na mkuu wa wilaya alikuwa mtawala na hakimu kwa wakati mmoja. Hapo ukalimani ulipanda ngazi mbili. Kiturkana kiligeuzwa kuwa Kiswahili, kisha Kiswahili kikageuzwa kuwa Kiingereza. Kila ngazi ilidondosha kitu, kama maji yanayohamishwa kutoka kibuyu hadi kibuyu.

Turkana ina ukumbusho mwingine wa jambo hili. Mwishoni mwa 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria mbele ya hakimu Ransley Thacker. Mkalimani aliyeteuliwa alikuwa Louis Leakey, mtafiti maarufu wa mabaki ya kale, aliyekulia miongoni mwa Wakikuyu na kukisema Kikuyu kama mwenyeji. Huwezi kusema hakujua lugha. Hata hivyo, wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alimpinga. Alilalamikia tafsiri zake, na Leakey alikuwa ameandika kitabu cha kuipinga Mau Mau mwaka huo huo. Hatimaye Leakey alijiondoa. Kinaya ni kwamba Kenyatta mwenyewe, katika ujana wake, aliwahi kuwa mkalimani mahakamani Nairobi, kwa hiyo alijua vyema neno linavyoweza kupindwa njiani. Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Alikitumikia Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, kisha mnamo 1959 akahamishiwa Lodwar.

Kisa hicho kinatufunza kwamba mkalimani hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni ujuzi wa lugha. Ya pili ni kutokuwa na upande. Aliye na ya kwanza akakosa ya pili hafai, na aliye na ya pili akakosa ya kwanza hafai pia.

Sheria inasemaje leo

Kwenye karatasi, mshtakiwa wa leo amelindwa vizuri. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi. Kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumiwa katika kesi. Kabla ya Katiba hiyo, Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 198, ilikuwa tayari inataka ushahidi utafsiriwe mbele ya mshtakiwa. Kifungu hicho hicho ndicho kinachosema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili.

Kuna pia kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ya 1973, ambayo kila hakimu anaijua. Inaweka hatua za kupokea jibu la mshtakiwa. Asomewe shtaka na vipengele vyake vyote kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, kiongozi wa mashtaka aeleze yaliyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza maelezo. Maelezo yake yakionyesha kwamba hakukiri kosa kwa kweli, basi iandikwe kuwa amekana.

Hebu sasa tuyatie maneno hayo katika kinywa cha karani. Chukua mfano wa kubuni. Mchungaji kutoka kando ya mto Turkwel ameshtakiwa kwa kuiba mbuzi sita. Anasomewa shtaka, anajibu kwa Kiturkana: "Ni kweli niliwachukua wale mbuzi. Shemeji yangu hajamaliza mahari ya dada yangu, na nilimwambia nitawachukua." Karani ana faili arobaini asubuhi hiyo. Anamgeukia hakimu na kusema neno moja: "Amekubali."

Neno hilo moja ni la uongo, ingawa karani hakukusudia kudanganya. Kanuni ya Adhabu inasema kuiba ni kuchukua kwa ulaghai na bila madai ya haki. Mchungaji yule amekubali kuchukua, hakukubali kuiba. Tena ametaja madai yake ya haki waziwazi. Tofauti hiyo ina bei. Kosa la wizi wa mifugo linaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14. Na ubaya hauishii hapo. Kifungu cha 348 cha sheria ile ya utaratibu kinasema aliyekiri kosa katika mahakama ya chini hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, isipokuwa juu ya uhalali au ukubwa wa adhabu. Mahakama ya juu inaweza kuuliza kama kukiri kwenyewe kulikuwa dhahiri, lakini itauliza kwa kusoma faili, na faili imeandikwa "amekubali". Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeumia kwa kujikwaa kwa ulimi wa mwingine.

Kukubali, kukiri, kuungama

Sehemu ya tatizo iko ndani ya Kiswahili chetu cha kortini. Karani huuliza: "Unakubali ama unakataa?" Kukubali ni kitenzi kipana mno. Mtu hukubali mwaliko, hukubali maoni, hukubali kwamba alikuwepo. Kukiri ni kutamka kwamba jambo linalokuhusu, hasa lenye lawama, ni la kweli. Kuungama kuna harufu ya toba. Ni kueleza kosa ulilotenda kwa undani, aghalabu bila kubanwa. Mimi ningependekeza mahakama zishike kukiri shtaka na kukana shtaka, na kukubali kuachwe kwa ajili ya maelezo ya tukio. Kisha karani aongeze swali la pili: "Una lolote la kueleza?" Swali hilo ni la maneno manne tu, na lingemwokoa mchungaji wetu.

Mtego mwingine ni wa kisarufi. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika viambishi vya nafsi. Shahidi akisema, "Alimpiga, akaanguka, akamwita dadake", hatujui nani alianguka wala nani aliita. Mazungumzo ya kawaida hayatudai zaidi, kwa kuwa wote tunajua kisa. Lakini rekodi ya Kiingereza inamlazimisha karani kuchagua jinsia kila mara, na kila akichagua bila kuuliza, ameongeza ushahidi ambao shahidi hakuutoa.

Majina ya ujamaa nayo yana hila zake. Katika jamii zetu nyingi ndugu wa baba ni baba, na Kiswahili kimetunza hilo katika baba mkubwa na baba mdogo. Likiingia katika rekodi kama "baba" tupu, kesi ya urithi inaweza kwenda kombo.

Kakuma, mwanzo wa lugha

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Kwa miaka mingi hakimu na karani wake walisafiri njia hiyo na faili zao kwenda kusikiliza kesi huko. Siku hizi Kakuma ina mahakama yake. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipowasili, na baadaye makazi ya Kalobeyei yakaongezwa karibu yake. Wenyeji ni Waturkana. Wageni wanasema Kisomali, Kidinka, Kinuer, Kiarabu cha Juba, Kiamhari, Kioromo, Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo.

Migogoro midogo mara nyingi huamuliwa na wazee wa kila jamii. Wasomali wana maslaha yao, Wadinka wana mabaraza yao ya kimila. Huko watu wanaelewana, kama walivyoelewana Waturkana chini ya mti. Lakini kosa la jinai likifika mahakamani, tunarudi kwenye vibuyu vyetu, na sasa vimezidi viwili. Huenda akapatikana mtu anayejua Kinuer na Kiarabu, na mwingine anayejua Kiarabu na Kiswahili, ndipo karani amalizie kwa Kiingereza. Na mara nyingine anayepatikana ni jirani wa mlalamikaji au mtu wa ukoo wa mshtakiwa. Hapo swali la Kapenguria linarudi: lugha anaijua, lakini je, hana upande?

Hata Kiswahili chenyewe si salama. Karani akisikia mkimbizi anasema Kiswahili, anapumua. Asipumue upesi. Mkongo anaweza kusema polisi walimtia "kasho", yaani mahabusu, akamtaja "avoka" wake na "tribinali", maneno aliyoyapata kwa Kifaransa. Kwake bibi ni mke, kama ilivyo kwa Wakenya wengi. Mrundi aliyekulia katika makambi ya Tanzania akisema bibi, huenda anamaanisha mama wa mama yake. Sasa fikiria sentensi "nilimsukuma bibi" katika kesi ya kujeruhi, halafu uniambie karani ameandika nini.

Tufanye nini?

Nawaheshimu sana makarani, na simlaumu yeyote. Lawama ni ya mpango uliorithiwa tangu enzi ya daftari za forodha, unaodhani kwamba mwenye kalamu na lugha mbili basi ni mkalimani. Kuandika, kufasiri maandishi na kukalimani papo hapo ni kazi tatu tofauti. Ya tatu inahitaji kumbukumbu, wepesi, na nidhamu ya kutopunguza wala kutoongeza.

Kwanza, kazi hizi zitenganishwe, hasa Lodwar na Kakuma. Karani ashike faili. Mkalimani aliyefunzwa na kuapishwa ashike maneno. Pili, vyuo vikuu vyetu vifunze ukalimani wa mahakama kwa vijana wanaojua Kiturkana tangu utotoni, na vitunge orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili na Kiturkana: dhamana, madai ya haki, kukusudia, kujitetea. Tatu, jibu la mshtakiwa lirekodiwe kwa sauti katika lugha aliyolitoa. Siku rufaa itakaposikilizwa, jaji asikie mchungaji alisema nini, siyo kile karani alichopata nafasi ya kusema.

Mageuzi hayo yatachukua muda, na kesho asubuhi kuna mtu atapanda kizimbani. Kwa hiyo mweleze huyo jirani au jamaa yako mambo manne. Kama huelewi lugha, sema kabla ya kujibu shtaka. Mkalimani ni haki yako na hutalipia. Usijibu "ni kweli" peke yake. Sema ni lipi lililo kweli. Ukisikia mkalimani amekosea, inua mkono pale pale uombe liandikwe. Na kama umeshakiri kwa kutoelewa, unaweza kumwomba hakimu abadilishe jibu lako kabla hajatoa adhabu. Akishaitoa, mlango huo hufungwa.